NILIMPELEKA MPWA WANGU MAJARIBIO YA MPIRA MAFIGA

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Kazi yangu iko katika milima ya Uluguru, upande wa Mgeta, wilaya ya Mvomero. Nimezoea kuandika juu ya kabichi, njegere na mbuzi wa maziwa. Mwezi huu naandika juu ya mpira wa miguu. Usishangae. Utaona kwamba sikwenda mbali sana na kazi yangu.

Dada yangu ana mtoto wa kiume. Ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Tulipata habari kwamba kituo kimoja cha kukuza vipaji kitafanya majaribio ya vijana huko Mafiga, mjini Morogoro. Dada akaniambia, "Kaka, mtoto huyu ni wako. Mpeleke."

Kijijini kwetu kila mtu anamjua kijana huyu. Jioni katika chandimu anawapiga chenga watu wanne, watano, na watoto wanapiga kelele. Ana mwili mkubwa. Ameanza kuota ndevu. Katika mashindano ya kata alifunga mabao mengi kuliko wenzake wote. Sisi tulisema, akifika tu Mafiga atachukuliwa.

Lakini palikuwa na jambo moja. Kituo kilitaka makundi mawili. Kundi la kwanza ni vijana wa miaka 13 na 14, na nafasi zilikuwa 12. Kundi la pili ni vijana wa miaka 15 na 16, na nafasi zilikuwa mbili tu. Jirani mmoja akatushauri tuchukue cheti cha kuzaliwa cha mdogo wake, ambaye ana miaka 13. "Kila mtu anafanya hivyo," alisema. Shemeji akakubali. Dada akanyamaza. Na mimi, ndugu msomaji, nilikitia cheti kile mfukoni.

SAFARI

Tuliondoka Nyandira alfajiri. Ukungu ulikuwa mzito hata taa za gari hazikufika mbali. Barabara inateremka kwa kona nyingi mpaka Mlali. Tulibanana na magunia ya njegere na matenga ya nyanya. Kijana alishika njumu zake mapajani safari nzima. Zilikuwa za mitumba, na tulizipaka dawa ya viatu jana yake.

Baada ya Mlali tulipita Mzumbe, tukatokea Sangasanga kwenye barabara kuu ya Iringa. Huko liko Bwawa la Mindu. Maji ya bwawa hili ndiyo yanayonywewa na watu wengi wa mji wa Morogoro. Mito inayolijaza inatoka milimani, na inabeba udongo wa mashamba yasiyo na matuta. Kila nikipita hapo roho inaniuma. Lakini hayo niliyaandika siku nyingine.

Mafiga ni kata moja ya Manispaa ya Morogoro. Ndipo ulipo mtambo wa kusafisha maji ya Mindu. Nyumba zimekaribiana. Kuna magenge, mafundi cherehani na vijana wa bodaboda. Ukigeuka unaona milima yetu, mirefu na ya buluu, na huko juu mawingu. Wewe msomaji unajua mafiga ni nini. Ni mawe matatu ya kutelekea chungu. Likikosekana moja, chungu kinapinduka. Kuna joto pia. Sisi tuliovaa masweta ya Nyandira tuliyavua upesi.

Kiwanja kilikuwa kikavu, chenye nyasi kidogo pembeni. Chini ya mti walikaa wazee. Morogoro ni mji wa mpira, na wazee hawa hawakuacha kutukumbusha. Walisema juu ya Mseto, timu ya hapa iliyochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1975. Walisema juu ya Reli, ambayo watu waliiita Kiboko ya Vigogo kwa sababu ilizisumbua timu kubwa. Walisema juu ya Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, iliyochukua ubingwa miaka miwili mfululizo, 1999 na 2000. Mzee mmoja alimtazama mpwa wangu, akasema, "Huyu ni straika." Nilifurahi kama mtu aliyesifiwa shamba lake.

MEZANI

Palikuwa na meza ya kuandikisha. Mama mmoja aliandika majina. Mbele yetu walikuwa vijana wengi, kutoka Kihonda, Mkuyuni, Matombo, Kilosa na kwingine. Wasichana pia walikuwepo, sita. Wasione haya. Mwaka 2022 timu yetu ya wasichana wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilikwenda India kwenye Kombe la Dunia na ikafika robo fainali.

Tulipokuwa kwenye mstari alinijia mtu mmoja aliyevaa fulana ya michezo. Alinivuta pembeni. Alisema anawajua makocha. Nikimpa shilingi elfu 50, kijana atapita. Tena alisema anaweza kumpeleka nje ya nchi mwaka huu huu. Nilikumbuka wale wanaouza mbolea ya bandia. Nao huja na maneno matamu na haraka nyingi. Nikamwambia sina fedha. Baadaye nilimuuliza kocha, akacheka kwa huzuni. Mtu yule hakuwa wa kituo. Kocha akanieleza kwamba kanuni za FIFA, chama cha mpira cha dunia, haziruhusu kijana wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, ila kwa sababu chache maalum. Kwa hiyo anayemwahidi mzazi Ulaya kwa mtoto wa miaka 15, na anataka fedha kwanza, ni wa kuogopwa.

Zamu yetu ikafika. Mama wa mezani akauliza, "Umezaliwa lini?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya kile cheti. Kijana alinitazama. Kisha akataja tarehe yake ya kweli, mwezi wa kweli na mwaka wa kweli. Akafungua mfuko wake wa njumu, akatoa cheti chake mwenyewe. Alikuwa amekibeba kutoka nyumbani bila kutuambia.

"Kundi la pili," mama akasema. "Kizibao cha njano."

Nilibaki na mkono mfukoni.

MPIRA WENYEWE

Nilidhani makocha wataanza na danadana na chenga. Sivyo. Kwanza waliwapanga vijana wawili wawili, wakapigiana pasi tu. Mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Nusu saa nzima ya pasi. Watazamaji wakachoka. Makocha watatu walizunguka polepole na daftari zao, wakiangalia miguu.

Kocha mkuu alikuwa mtu wa makamo, mpole. Watu wote walimwita Mwalimu. Aliposikia mimi ni bwana shamba aliniita kwa jina hilo, akanikaribisha nikae karibu naye. Nikamuuliza anaangalia nini katika pasi hizi. Alisema, "Bwana Shamba, naangalia mpira unapofika. Mguso wa kwanza. Mtoto akiutuliza vizuri, mpira unalala pale anapotaka, na ana muda wa kufanya jambo. Akiutuliza vibaya, mpira unaruka, na muda wote anaufukuza."

Kisha wakacheza wanane kwa wanane katika kiwanja kidogo. Mpwa wangu akaanza vizuri. Alimpita mmoja, akampita wa pili. Watu wakashangilia. Nikamtazama Mwalimu. Hakuandika kitu.

Nikaona vibaya kidogo. Nikamwuliza, "Mwalimu, hukuona?"

Akasema, "Nimeona. Sasa nisaidie kazi. Mtazame yule mdogo, kizibao chekundu, kiwanja cha pili. Mtazame yeye tu kwa dakika tano. Mpira usiuangalie."

Ndugu msomaji, jaribu siku moja. Ni vigumu. Macho yanataka kufuata mpira kama kuku anavyofuata punje. Lakini nilijikaza. Yule mtoto alikuwa wa kundi la kwanza, mfupi, amevaa raba zenye viraka. Nilianza kuona jambo. Kabla mpira haujamfikia, aligeuza kichwa. Akatazama nyuma, akatazama kulia. Mpira ulipofika alikwisha kujua pa kuupeleka. Aligusa mara moja au mbili, mpira ukaenda kwa mwenzake aliye peke yake. Hakuna aliyeshangilia. Akasogea tena mahali pa wazi. Nilihesabu katika daftari langu. Katika dakika zile tano aligeuza kichwa mara 23. Aliupata mpira mara saba, na mara sita ulifika kwa mwenzake.

"Sasa mhesabu mpwa wako," Mwalimu akasema.

Nikamhesabu. Aligeuza kichwa mara mbili. Aliupata mpira mara nane. Mara tano alinyang'anywa. Na kila aliponyang'anywa alisimama, akashika kiuno, akamlaumu mwenzake.

Mwalimu akanieleza polepole. Katika mechi ya dakika 90 mchezaji mmoja huwa na mpira mguuni dakika mbili au tatu tu. Zile nyingine zote hana mpira. Kwa hiyo kocha anayeangalia chenga peke yake anaangalia sehemu ndogo sana ya kazi. Yeye huangalia kijana anafanya nini wakati hana mpira. Je, anajificha nyuma ya beki au anajitokeza apewe? Timu yake ikipoteza mpira, anarudi kukaba au anatembea? Akikosea, anainama kichwa au anaendelea? Kisha akasimamisha mchezo na kuwapa maagizo mapya, kwamba kila mtu aguse mpira mara mbili tu. Aliniambia, "Hapa naangalia masikio." Wengine walisikia na kubadilika mara moja. Wengine walirudia mambo yao ya zamani kama hawakuambiwa kitu.

Makipa walipelekwa golini upande wa pili. Huko sikukaa sana. Niliona tu kwamba kocha wao alisifu zaidi yule aliyepiga kelele kuwapanga mabeki kuliko yule aliyeruka vizuri.

MBEGU HUCHAGULIWA SHAMBANI

Mchana tulikula wali na maharage chini ya mti. Bado nilikuwa na swali. Mpwa wangu ni mkubwa na ana nguvu. Yule mwenye raba ni mdogo, na katika kugombea mpira aliangushwa mara nyingi. Kwa nini asichukuliwe mwenye nguvu?

Mwalimu akanigeuzia swali. "Wewe ukichagua mbegu ya mahindi unachaguaje?"

Nikamjibu kama ninavyowaambia wakulima kila msimu. Usisubiri kuchagua ghalani, ambako unaona gunzi kubwa tu. Chagua shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama, ili uone mmea mzima. Tena usichague mmea wa pembeni, au ule ulio karibu na zizi. Ule umepata jua zaidi na samadi zaidi. Ukubwa wake ni wa bahati ya mahali, na bahati hiyo haimo katika mbegu. Chagua katikati ya shamba, ambako mimea yote imepata sawa.

"Basi umejijibu," akasema Mwalimu.

Akanieleza. Vijana hawakomai wakati mmoja. Mmoja anabalehe na miaka 12, mwingine na miaka 15. Yule aliyewahi anakuwa na mbio na nguvu kuliko wenzake, anafunga mabao, anasifiwa, na hana haja ya kujifunza kitu. Baada ya miaka mitatu wenzake wanamfikia kwa mwili. Hapo nguvu zake si ajabu tena, na hana kingine mkononi. Yule mdogo alilazimika kutumia akili miaka yote. Mwili ukija, anakuwa na vyote.

Alisema pia jambo la mwezi wa kuzaliwa. Timu za vijana hupangwa kwa mwaka. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba wa mwaka huo huo wanacheza kundi moja, nao wamepishana karibu mwaka mzima. Kwa mtoto, mwaka ni mwingi. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba timu za vijana zinajaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka. Makocha wanadhani wamechagua vipaji, kumbe wamechagua umri. Ni kama kulinganisha mahindi yaliyopandwa mvua ya kwanza na yale yaliyopandwa wiki tatu baadaye.

"Ndiyo sababu cheti ni kitu cha kwanza mezani," akasema. "Bila umri wa kweli, mimi kocha ni kipofu. Ukiniletea wa miaka 15 ukasema ana 13, nitamwona ni wa ajabu. Nitamnyima nafasi mtoto wa miaka 13 wa kweli. Na huyo wako hatajifunza kinachomfaa."

Sikumwambia kilichokuwa mfukoni mwangu. Lakini nilikuwa natoka jasho, na si kwa joto la Mafiga peke yake.

Jambo hili limetuuma sisi Watanzania. Mwaka 2005 timu yetu ya Serengeti Boys, ya vijana wa chini ya miaka 17, ilikuwa imepata nafasi ya kwenda fainali za Afrika. Ikaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji. Miaka ikapita. Katika kutafuta nafasi ya fainali za mwaka 2017 tulitolewa na Kongo Brazzaville. Tanzania ikalalamika juu ya umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. Aliitwa apimwe, hakupelekwa. Kongo ikaondolewa, na vijana wetu wakaenda Gabon mahali pake. Kipimo chenyewe ni mashine inayopiga picha ya kifundo cha mkono. Inaonyesha kama mfupa umekwisha kufunga au bado unakua. FIFA ilianza kuitumia katika Kombe la Dunia la vijana mwaka 2009. Cheti chaweza kubadilishwa, lakini mfupa huo hauwezi.

Huko Gabon vijana wetu walitoka sare na Mali bila bao. Waliifunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger 1 kwa 0, wakarudi nyumbani kwa tofauti ndogo sana. Nahodha wao alikuwa Dickson Job, aliyelelewa na Mtibwa Sugar ya mkoa wetu. Mwaka 2021 akachukuliwa na Yanga. Ni beki wa kati, na si mrefu kama mabeki wengi wa kati walivyo. Wazee chini ya mti walisema kama angechaguliwa kwa rula angebaki nyumbani.

MAJINA

Tulilala kwa ndugu yetu hapo hapo Mafiga. Usiku nilimuuliza kijana kwa nini alibeba cheti chake. Alisema, "Mjomba, nikitumia cheti cha mdogo wangu nitaitwa jina lake. Nikifunga bao, watamwandika yeye. Na mtihani wa kidato cha nne nitafanya kwa jina gani?" Mimi nina cheti cha kilimo na miaka 18 kazini. Sikuwa nimewaza hilo la mtihani.

Siku ya pili alicheza vizuri zaidi. Nilimwona akigeuza kichwa. Aliponyang'anywa mpira alikimbia kurudi, mara nyingine. Jioni majina yakasomwa. Yule mtoto wa raba zenye viraka alikuwa wa kwanza kuitwa katika kundi lake. Hakuruka wala kupiga kelele. Alitazama nyuma, kama kawaida yake, kuona kama kuna mwingine mwenye jina hilo.

Katika kundi la pili yaliitwa majina mawili. La mpwa wangu halikuwemo.

Alitazama chini muda mrefu. Mwalimu akaja kwetu, akazungumza naye mwenyewe, si na mimi. Alimwambia hivi: "Una moyo, na mguu wako wa kulia ni mzuri. Wa kushoto bado umelala. Ukipoteza mpira kazi yako inaanza, haiishi. Jana niliona kiuno chako mara nyingi kuliko mgongo wako ukikimbia. Leo ulibadilika, nimeandika. Shule zikifungwa Desemba tutakuwa hapa tena. Masomo usiyaache. Vijana wengi tunaowachukua hawafiki ligi kuu, na hao wanahitaji cheti cha shule."

Hakumwahidi kitu. Nilimheshimu kwa hilo.

Kurudi tulikaa kiti cha nyuma. Tulipofika Mlali kijana alikuwa amelala, njumu ziko miguuni pake. Nyumbani nilimrudishia dada kile cheti. Alikipokea, akakiweka sandukuni chini ya kanga, hakuuliza kitu. Shemeji alisema tungemsikiliza jirani angekuwa amepita. Huenda. Nafasi zilikuwa 12.

Kijana sasa anapiga mpira ukutani kila jioni kwa mguu wa kushoto. Ukuta anaotumia ni wa ofisi yangu. Wiki iliyopita alivunja kioo cha dirisha la stoo ya dawa za mimea. Nimeweka wavu wa kuku mahali pa kioo, na Desemba bado ni miezi mitano.